Sampu ya kujitengenezea: stima ikipotea, maji yataenda wapi?

Mkaazi wa Mtwapa au Shimoni akimwaga maji ya tangi lake la samaki, bahari i karibu. Aliye Mosocho, kwenye milima ya Kisii, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa, hana pa kuteka. Maji yake ameyakoroga mwenyewe, takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Na si chumvi ya jikoni, wala ile ya mashamba ya Gongoni, bali chumvi maalumu ya akwariamu yenye kalisi na magnesi. Makala haya ni ya wenzetu walioko bara, na ya wenyeji wa huko waliopendezwa na kitatange wetu.

Kazi ya sampu

Sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya lile la maonyesho. Maji ya juu humwagikia kisanduku cha pembeni, huteremka kwa bomba, husafishwa, kisha pampu huyarudisha juu. Humo ndimo hufichwa hita na kitoa povu. Maji yanapoporomoka huchanganyika na hewa, na Mosocho hilo lina uzito wake: kwa kimo kile maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Pwani, joto likiwa sawa. Usiku wa huko nao ni wa baridi, na samaki wa miamba wanataka nyuzi 24 hadi 27. Hita si anasa.

Hesabu kabla ya kukata kioo

Tuseme tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Stima ikipotea, maji yaliyo juu ya ukingo wa kisanduku yataendelea kuteremka. Yakiwa sentimita 2.5, hizo ni lita 13.5. Ongeza kama lita 8 za ndani ya kisanduku na mabomba, unapata lita 21.5.

Sampu ya sentimita 75 kwa 35, yenye kimo cha 40, hubeba lita 2.6 kwa kila sentimita ya kimo. Maji hayo yatapanda zaidi ya sentimita 8. Basi usiijaze kupita sentimita 26, ubakishe 14 tupu.

Hatari kubwa ni bomba la kurudisha. Mdomo wake ukizama sentimita 10 chini ya maji, pampu ikizima bomba litanyonya kinyume hadi lishike hewa: lita 54, zenye karibu kilo 2 za chumvi, zitateremka, na sampu itafurika hadi sakafuni. Uweke mdomo karibu na uso wa maji, na utoboe tundu dogo sentimita 1 chini ya uso. Usitegemee vali pekee, kwani uchafu na konokono huikwamisha.

Kuijenga

Gawa sampu vyumba vitatu: cha kwanza cha bomba na kitoa povu, cha kati cha mawe, cha mwisho cha pampu. Kabla ya pampu simamisha vioo vitatu vya kuzuia mapovu. Cha katikati kiinuliwe sentimita 3 ili maji yapite chini yake. Tumia silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, na uiache ikauke vyema kabla ya kuijaribu kwa maji matamu.

Chumba cha pampu kiwe kidogo. Bomba la kuteremsha likiziba, pampu itahamishia maji yake juu. Lita 14 hupandisha tangi letu sentimita 2.6, kwa hiyo bakisha nafasi huko pia. Kabla ya kutoboa tangi la juu, muulize fundi kama kioo ni kigumu cha kuchomwa. Hicho ukikitoboa hupasuka vipande vipande.

Nyaya ziachwe zining'inie chini ya soketi kwanza, ili tone lidondoke kabla ya kufika kwenye stima.

Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matamu, kwani chumvi haikuondoka. Mvua ya Kisii ni nyingi, lakini iliyopita kwenye mabati huweza kubeba zinki, sumu kwa viumbe wa baharini. Matumbawe magumu nayo yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES. Usiyabebe kutoka ufuoni.

Jaribio la mwisho

Kabla ya samaki wa kwanza, chomoa pampu mwenyewe, ungoje maji yatulie. Rudia mara tatu. Kisha acha tangi likomae wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na nitriti zifike sifuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki aliyetolewa kwenye mwamba wetu akasafirishwa hadi Mosocho hastahili kufa kwa sababu ya bomba lililozama sentimita 10.