Padri Tempels: Waliolia na Walionyamaza



Mtu akifa kijijini, kwa kawaida kilio ni kimoja. Lakini wako wafu ambao kilio chao hugawanyika: nyumba moja inalia, ya pili inanyamaza, na ya tatu inauliza kama ni haki kumlilia. Mmoja wao ni Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliyefariki Hasselt, nchini Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1977.

Sisi watu wa Bukama hatuwezi kusema kwamba habari hiyo haituhusu. Kabondo-Dianda, misioni alimofanya kazi wakati wa vita kuu ya pili, imo katika territoire yetu. Ndiyo maana inafaa tuitazame habari yake bila hasira na bila kujipendekeza.

Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906. Alipewa upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 akafika Kongo. Mwanzoni alikuwa kama mapadri wengi wa siku zile: alikuja kufundisha, si kufundishwa. Miaka ikapita, akaona kwamba watu wanasikia maneno yake, lakini mioyo yao inabaki mbali. Basi akaanza kuwauliza Baluba: Ninyi mnatafuta nini katika maisha? Mnaogopa nini? Mnaomba nini? Akasikiliza mithali, majina, sala na vilio vyao. Akafahamu kwamba chini ya yote kuna wazo moja kubwa: uzima, nguvu ya uzima, ambayo mtu huipokea kwa waliomtangulia na kuwapa watakaomfuata.

Hayo aliyaandika katika kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotolewa kwa Kifaransa Elisabethville mwaka 1945. Papo hapo fitina ikaanza. Wakoloni wengi hawakupenda kusikia kwamba mtu mweusi ana filosofia. Monseigneur de Hemptinne, Askofu wa Katanga, aliomba Roma ikihukumu kitabu hicho. Padri mwenyewe alikwenda Ubelgiji mwaka 1946, asirudi mpaka 1949. Kwa upande mwingine, Aimé Césaire, mwandishi wa Martinique, alikilaumu mwaka 1950 kwamba kinawasifu Wabantu kwa mawazo yao huku kikiwasahaulisha dhuluma wanayotendewa. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alilichukua jambo lile lile na kulichimba upya katika kitabu chake cha mwaka 1956. Hivyo mtu mmoja alipigwa kutoka kushoto na kuume.

Lakini kilichowagusa wakristu wetu zaidi ni Jamaa. Tangu mwaka 1953, katika makambi ya wafanyakazi wa Union Minière huko Kolwezi, Padri Tempels alikutana na mabwana na wake zao. Hawakuingia mmoja mmoja. Mume aliingia pamoja na mke wake. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili, na maneno yake makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi na mapendo. Wafuasi waliitana baba na mama, na yeye wakamwita Baba Placide. Fikirini maisha ya makambi: watu wametoka mbali na ukoo wao, mshahara unaliwa kwa pombe, mume na mke wanaishi kama wageni. Hapo nyumba nyingi zilipata amani. Mume alijifunza kuongea na mke wake, na padri mzungu aliketi nao kama ndugu. Jamaa ikaenea Katanga yote, hata Kasai.

Tusifiche upande wa pili. Mafundisho yalitolewa kwa hatua, na ya ndani zaidi hayakusemwa mbele ya wote. Ndoto zikaanza kupewa uzito mkubwa. Wengine walijiona wao ndio waliozaliwa kweli, na wakristu wa kawaida wakawa kama watu wa nje katika parokia yao wenyewe. Kikundi kimoja, kilichoitwa Katete, kililaumiwa kwa matendo yasiyolingana na usafi wa ndoa. Ndipo maaskofu walipoweka masharti makali katika miaka ya 1970. Wengine walitii, wengine walijitenga.

Na Baba Placide? Alikwisha kuondoka Kongo mwaka 1962, kwa sababu ya ugonjwa. Wakubwa wa Kanisa walichunguza mafundisho yake, naye hakurudi tena. Aliishi katika konventi ya Hasselt muda wa miaka 15, mbali na watoto aliowazaa katika imani. Hakuanzisha Kanisa lake. Alikaa ndani ya Kanisa lile lile lililomnyamazisha.

Habari za kifo chake zilikuta nchi, iliyoitwa Zaire wakati ule, ikiwa na majeraha: vita vya Shaba vilikuwa vimepita miezi michache tu. Kwa watu wa Jamaa, aliyekufa ni baba, na mtoto hamwulizi mtu ruhusa ya kumlilia baba yake. Kwa mapadri na makatekista waliohangaika na parokia zilizogawanyika, jina lake lilileta uchungu. Na wasomi waliendelea kubishana juu ya kitabu chake. Hata leo, ukimtaja mbele ya wazee, mmoja atatabasamu, mwingine atainamisha kichwa.

Je, sisi tufanye nini? Tukumbuke Yuda Makabayo. Askari wake walipokufa vitani, chini ya nguo zao zilikutwa hirizi za miungu ya uongo. Hakuficha kosa lao, wala hakuwatupa. Alikusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao. Ndivyo Kanisa linavyowatendea wafu. Misa ya marehemu haimtangazi mtu kuwa mtakatifu, wala haimhukumu. Inamkabidhi kwa Mungu, ambaye peke yake anajua vipimo.

Sisi tunaofundisha katekismu tunaona kosa na zawadi katika habari hii. Kosa ni kuruhusu mapendo yafunge mlango na kuwaacha wengine nje. Zawadi ni kuuliza kabla ya kufundisha. Nani kati yetu amewauliza watu wake wanatafuta nini?

Katika vijiji vyetu ziko nyumba ambazo wazazi walikuwa wa Jamaa, na nyumba ambazo wazazi waliipinga. Watoto wao wanapiga magoti kwenye benchi moja. Tusiwarithishe ugomvi ambao hawakuuanza. Mwezi wa Oktoba, tunaposali rozari, tumtaje pia Padri Placide, waliolia na walionyamaza pamoja: Bwana ampe raha ya milele.