Kona ya Mapenzi Imetoka Wapi?

Fengi shui haikuanza na mapenzi. Ilianza na makaburi. Nalisema hilo mapema kwa sababu vijana ninaokaa nao kwenye kikundi chetu hapa Kakuma wameijua kupitia video fupi za simu, na humo ndani ni kitanda, mishumaa miwili, maua ya waridi, na mtu anayekuahidi kwamba ukipanga chumba chako vizuri mchumba atakuja. Siku hizi wanaulizana kona yao ya mapenzi iko wapi. Dada mmoja akasema, "Miye yangu nimeipata, kaka, lakini ndiyo bibi analala pale." Tulicheka sana. Ila mimi nilibaki nikijiuliza: hiyo kona, nani aliiweka hapo?

Feng ni upepo, shui ni maji. Andiko la kale linalotajwa sana linaitwa Kitabu cha Mazishi, na Wachina kwa desturi wanasema aliyeliandika ni Guo Pu, msomi aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324. Hoja yake ni kwamba ndani ya ardhi kunapita pumzi, wanaiita chi. Upepo unaitawanya, maji yanaizuia isipotee. Ukimzika baba yako pale ilipokusanyika, mifupa yake inaipokea na baraka inawafikia watoto na wajukuu: uzao, mavuno, vyeo. Ukimzika pabaya ukoo unaporomoka. Ndiyo maana mtaalamu wa fengi shui alikuwa mtu wa kupanda vilima na dira mkononi, anatazama mlima wa nyuma na mto wa mbele. Familia zenye uwezo ziliweza kukaa na jeneza miezi mingi, hata zaidi, zikisubiri pahali pazuri papatikane.

Sasa fikiria sisi. Wengi tuliacha makaburi ya wazee ng'ambo ya mpaka, hatujui kama yamelimwa au yameota msitu. Kwa hesabu ya Guo Pu sisi tumekwisha kabla hata ya kununua mishumaa.

Nyumba za watu walio hai zilikuwa na kanuni zao pia. Chukua nyumba za zamani za Beijing, zile zenye vyumba pande nne na ua katikati. Jengo kubwa liko kaskazini na linatazama kusini, hapo wanakaa wazazi. Watoto wa kiume waliooa wanapewa vyumba vya ubavuni, mashariki na magharibi. Mabinti wanawekwa nyuma kabisa, mgeni asiwaone. Lango liko kona ya kusini-mashariki. Kutazama kusini si uchawi hata kidogo: kule kaskazini mwa China majira ya baridi ni makali, upepo wa baridi unatoka kaskazini na jua linakaa upande wa kusini, basi mtu mwenye akili anafungua mlango kwenye jua. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linapita juu ya kichwa. Ukifungua mlango upande wowote, joto la mabati ni lilelile.

Katika nyumba ile ya ua hakuna kona ya mapenzi. Haikuhitajika, kwa sababu anayetafuta mchumba si wewe. Wazazi walimtuma mshenga. Mshenga akauliza jina la binti na saa aliyozaliwa: mwaka, mwezi, siku, na saa yenyewe. Zikapelekwa kwa mpiga ramli alinganishe na za kijana. Zikigombana, habari imeisha. Nikiwasimulia wenzangu sehemu hii wanacheka, kwa sababu wengi wetu kwenye karatasi tumezaliwa tarehe 1 Januari. Mpiga ramli angetuoza wote kwa pamoja au angekataa wote. Na mshenga wa hapa kambini haulizi saa ya kuzaliwa. Anauliza faili yenu imefika wapi.

Jambo lililo karibu zaidi na "fengi shui ya ndoa" katika desturi ya zamani lilikuwa kitanda. Siku kadhaa kabla ya harusi familia ilichagua siku na saa nzuri ya kukiweka kitanda kipya mahali pake. Hakikuwekwa na mtu yeyote tu. Aliitwa mama mwenye bahati: mume wake yupo hai, watoto wake wapo, nyumba yake ina amani. Yeye ndiye aliyetandika. Juu ya shuka wakamwaga tende nyekundu za Kichina, karanga, matunda makavu ya longani na mbegu za yungiyungi. Siri iko kwenye masikio. Tende inaitwa zao, na neno la "mapema" linasikika vilevile. Karanga ni huasheng, na sheng ni "kuzaa". Longani ina jina lingine linaloanza na gui, kama "mwenye heshima". Mbegu ya yungiyungi inaishia na zi, ambayo ni "mtoto". Ukiyaunganisha yanasema: mzae mapema mtoto mwenye heshima. Halafu watoto wadogo wanaachiwa wapande kitandani waruke na kugombania karanga. Ukutani inabandikwa karatasi nyekundu yenye herufi ya furaha iliyoandikwa mara mbili, na kwenye foronya wanadarizi jozi ya bata, kwa sababu inaaminika bata wale hawaachani.

Mnaona wenyewe, yote hayo yanafanyika baada ya mchumba kupatikana. Kitanda hakimwiti mtu. Kinaombewa uzao. Na anayeombewa hasa ni ukoo.

Mambo ya karne ya 20 nitapita haraka. Mwaka 1950 serikali mpya ya China ilitoa sheria ya ndoa iliyokataza wazazi kuwaoza watoto bila ridhaa yao, na ikaweka umri wa chini kuwa miaka 20 kwa mwanaume na 18 kwa mwanamke. Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na fengi shui ikapigwa vita kama takataka za zamani. Iliendelea waziwazi Hong Kong na Taiwan, na kwa Wachina waliokuwa ng'ambo.

Kule ng'ambo ndiko kona ilikozaliwa, na kwangu hapa ndipo utamu ulipo. Marekani ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina tangu 1882. Sheria ile ilifutwa 1943, na mlango ukafunguka kweli baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Kati ya waliofika baadaye alikuwa Lin Yun, mzaliwa wa Beijing aliyeishi Taiwan. Mwaka 1986 alifungua hekalu Berkeley, California, na wanafunzi wake wengi walikuwa Wamarekani ambao hawakujua Kichina. Alikuja na mchoro wa sehemu nane unaoitwa bagua. (Msicheke, kwa Kichina ba ni nane. Kubagua ni kwetu tu.) Mchoro wenyewe ni wa kale, na katika mpangilio mmoja wa zamani upande wa kusini-magharibi ni wa ardhi na wa mama. Wa mama, nasema, mama wa nyumba, si mchumba. Katika fengi shui ya siku hizi upande huo umegeuka kuwa wa ndoa na mapenzi. Lin Yun alifanya jambo lingine kubwa zaidi: aliiacha dira. Mchoro unawekwa kuanzia mlangoni. Unasimama mlangoni ukitazama ndani, na kona ya mbali upande wa kulia ndiyo ya ndoa, hata kama mlango unatazama wapi. Ndiyo maana video mbili zinaweza kukupa kona mbili tofauti katika chumba kimoja.

Kuna Wachina waliomlaumu kwamba ameharibu elimu ya wazee. Nionavyo mimi, alifanya kile ambacho watu waliohama hufanya. Mtu aliyepanga chumba mjini California hachagui mlima wa nyuma wala mto wa mbele. Hachagui hata mlango utazame wapi. Kaburi la babu liko mbali. Kilichobaki mkononi mwake ni kitanda, kioo, picha ya ukutani. Basi elimu ya milima ikabanwa mpaka ikatosha ndani ya chumba, na dua ya ukoo ikawa dua ya mtu mmoja mpweke: weka vitu viwiliviwili, toa picha ya mtu aliye peke yake, acha nafasi pande zote mbili za kitanda ili mwenzako apate pa kupita.

Hata pwani ya hapa Kenya vitu vya China viliwahi kuingia chumba cha harusi, tena zamani sana. Katika nyumba za mawe za Lamu tajiri alimjengea binti yake nyumba ya kuolewa, na kuta za vyumba vya ndani zilikuwa na zidaka, vile vishimo vilivyopangwa kwenye plasta. Humo zikawekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, na iliaminika zinapokea jicho baya kabla halijamfikia mtu. Kaure kama hizo zilitiwa pia kwenye nguzo za makaburi, kwa mfano Mambrui, karibu na Malindi. Bibi harusi na maiti, sahani ileile. Wachina hawakuwafundisha Waswahili hivyo. Waswahili walichukua sahani wakaipa kazi yao wenyewe.

Kwa hiyo kijana akiniuliza kama asogeze kitanda, simkatazi. Asogeze, afagie, atoe jerikeni zilizorundikana, afunge neti vizuri. Ninachogomba nacho ni zile pesa za simu za kumlipa "mtaalamu" asiyemjua, na lile wazo kwamba dada asiyeolewa ana kosa chumbani kwake. Ushauri wa kuacha nafasi pande mbili za kitanda ni mzuri, ila ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, ingieni mkaone. Chumba ni kimoja. Kijana ameoa, na mke wake ameletwa hapohapo walipo wazazi na wadogo zake watano. Katikati kuna kamba na kitenge kilichotundikwa, usiku kinashushwa, na huo ndio ukuta wa ndoa yao. Wengine wanaahirisha harusi kwa ajili hiyo tu, mahari iko tayari na chumba hakuna.

Kwenye mkutano wa bloku tuliomba mabati na miti ya chumba cha pili kwa familia zenye kijana aliyeoa. Tuliambiwa kuna orodha, tusubiri. Nimeandika majina ya walio kwenye kikundi chetu, wako saba, na mkutano ujao nitaenda nayo tena.