Uhuru wa 1897 na Swali la Kwao

Tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mahakama visiwani iliyoweza kumrejesha mtu kwa bwana wake kwa hoja kwamba ni mali yake. Hilo ni jambo kubwa, wala halifai kupunguzwa. Lakini kifungu cha nne cha amri hiyo hiyo kiliweka masharti ambayo aghalabu husahauliwa katika masimulizi ya uhuru. Aliyekwisha kutambuliwa kuwa huru aliwajibika kulipa kodi na kufanya kazi ya shokoa, au kulipa badala yake, wakati wowote serikali itakapowatwisha raia wake mzigo huo. Zaidi ya hayo, alipaswa kuonesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, alihesabiwa kuwa mzururaji.

Basi mtu alitoka katika milki ya mtu mmoja, na katika mstari uo huo wa sheria akakabidhiwa kwa serikali. Kuifahamu amri hii kunahitaji kuitazama hazina iliyosimama nyuma yake.

Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku hatua kwa hatua. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la mjini. Mwaka 1890 Sayyid Ali bin Said akakataza kununua na kuuza watu. Hata hivyo, waliokuwamo mashambani walibaki mashambani. Sayyid Hamoud mwenyewe aliketi kitini Agosti 1896, baada ya mizinga ya Waingereza kulishambulia jumba la kifalme na kumkimbiza Sayyid Khalid bin Barghash. Amri ya 1897 ilitoka kwa jina lake, lakini nyuma yake walikuwapo Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza, na Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Wote wawili waliihofia karafuu. Kikonyo cha karafuu hakimsubiri mtu: sharti kichumwe kabla ua halijafunguka, na msimu ukipita bila ya mikono, mavuno yamepotea. Ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo ya hazina. Kwa hivyo, waliomfungua mtumwa walitaka pia kuhakikisha kwamba huyo aliyefunguliwa hataondoka chini ya mkarafuu.

Njia waliyoichagua ilikuwa ya taratibu. Mtumwa hakuwa huru kwa kupambazuka tu. Alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama na kuomba. Bwana wake aliweza kulipwa fidia. Aliyefanya kazi miaka yote hakupewa kitu. Kisha likaja suala la kibanda. Kibanda kilikuwa katika shamba la bwana, na muhogo ulikuwa umepandwa katika ardhi ya bwana. Wengi walifungishwa mapatano: wabaki pale walipo, walime kiunga chao, na badala ya kodi wamfanyie kazi mwenye shamba siku kadhaa za juma, mara nyingi tatu. Afisa alipouliza, “Unakaa wapi?”, jibu jepesi kuliko yote lilikuwa kwa bwana wa jana.

Wahenga wamesema: mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii huwatahayarisha wanaozibeza asili zao, lakini ndani yake imo fasili ya utumwa kama pwani ilivyoufahamu. Mtumwa ni mtu asiye na kwao. Hana ukoo wa kumdai damu yake, wala mjomba wa kumwozesha, wala kaburi la babu la kuzuru. Aliyechukuliwa kutoka Nyasa au Manyema akiwa mtoto hakukataa kwao, alinyang'anywa. Sheria ya 1897 ilimwuliza mtu huyo huyo, kwa kitisho, aoneshe kwake ni wapi. Alichonyimwa kwa nguvu ndicho alichotakiwa kukitoa kama ushahidi.

Masuria walibanwa zaidi. Amri iliwahesabu kama wake, na kwa sababu hiyo ikawanyima haki ya kudai uhuru wao kama wengine, isipokuwa palipothibitika ukatili. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya kulinda heshima ya nyumba. Iliwabidi wangoje hadi amri nyingine ya mwaka 1909.

Pamoja na hayo, watu hawakukaa kimya kuingoja serikali iwafasirie uhuru. Katika miaka kumi ya mwanzo, waliopata uhuru kwa njia ya mahakama walikuwa maelfu tu, ilhali waliokuwa utumwani walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi wa waliobaki walijitafutia njia zao. Wapo waliopatana upya na mabwana wao kwa masharti nafuu. Wapo walioachwa huru na mabwana kwa ajili ya radhi za Mungu, uhuru ambao mbele ya majirani ulikuwa na uzito kuliko karatasi ya serikali. Wengine walihama usiku kwenda maweni kulima, au wakavuka daraja kuingia Ng'ambo. Wengine wakawa vibarua. Neno hili asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku. Zamani mtumwa aliyekodishwa kwa kibarua aligawana ujira na bwana wake; sasa ujira ulikuwa wake wote, na kesho aliweza asiende.

Wanawake waliitupa kaniki, kitambaa cheusi cha kazi na cha utumwa, wakajifunga kanga. Wanaume wakavaa kofia na kanzu ambazo jana zingewaletea adhabu. Watu wakajiunga na ngoma, na vyama vya kuzikana, na madrasa, na tarika.

Hapa ndipo ulipo moyo wa suala. Watu hawa hawakukimbia wajibu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hakuna aliyeishi pwani asiyeijua kanuni hiyo. Aliyeingia Ng'ambo alijitwika wajibu mwingi kuliko ule wa sheria: kuchangia sanda ya jirani, kutoa zamu ya chakula cha hitima, kulea mtoto wa mwenzake, kukesha kwenye ngoma ya chama. Lakini jembe hilo alipewa na watu waliomkaribisha, na kwa kulishika alipata kwao. Jembe la kifungu cha nne lilitolewa na mtu asiyemjua, wala halikumpa ukoo. Tofauti si baina ya kuwa na wajibu na kutokuwa nao. Tofauti ni kama wajibu unamfanya mtu kuwa mwenyeji, au unamhesabu tu miongoni mwa mikono.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 kwa wazazi wenye asili ya utumwa, aliitwa Mtumwa utotoni. Aliingia mjini mwaka 1911, akaimba kwa Kiswahili katika taarabu iliyozoea Kiarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi sahani za santuri. Mwaka uo huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba walizijenga wenyewe, kwa udongo na makuti yao, lakini ardhi ilidaiwa na wenye kumiliki waliopandisha kodi. Baada ya mgomo serikali ililazimika kuiwekea mipaka kodi hiyo. Miaka thelathini na moja baada ya kuulizwa kama wana makazi maalumu, watu walijibu kwa kukataa kutolewa katika makazi yao.

Swali lenyewe halikuzikwa pamoja na ukoloni. Mwaka 1983, Tanzania Bara ilipitisha sheria ya nguvu kazi iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa. Katika miji, hasa Dar es Salaam, walikamatwa wachuuzi, vijana na wanawake walioshindwa kuonesha kitambulisho cha kazi, wakapelekwa vijijini na mashambani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kujitegemea, na nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Lakini neno lililotumika dhidi yao lilikuwa lile lile la mzururaji, na wengi wao walikuwa na kazi: waliuza karanga, maji, maandazi. Kazi yao haikuwamo katika daftari.

Serikali yoyote itadai kodi na utumishi, na raia mwema hatazamii kuishi bila ya kutoa. Waliofunguliwa mwaka 1897 walilifahamu hilo kuliko waliowatungia sheria. Walichokidai ni kutangulizwa kwa jambo moja: mtu atambuliwe kwanza kuwa ana kwao, ndipo aambiwe anadaiwa nini.