Teleprompta Ikizima, Mtangazaji Anabaki na Nini?

Wadau, huu mjadala haufi. Kuna mtangazaji studio anatiririka balaa, ila mpe maiki pale stendi ya Nyegezi bila karatasi, anaanza "aaa... mmm..." Watu wa Mwanza wanacheka: "Kumbe anasomaga tu!"

Lakini tuwe wakweli, kusoma siyo dhambi. Teleprompta ilianza Marekani mwaka 1950, na mwanzoni iliwasaidia waigizaji wa tamthilia wasisahau maneno yao. Ilikuwa karatasi ndefu yenye maandishi makubwa, inaviringishwa kando ya kamera. Baadaye kikaja kioo mbele ya lenzi. Ndo maana unaona msomaji anakuangalia wewe, kumbe macho yako kwenye mstari.

Kwetu, Zanzibar ilipata TV mwaka 1973, Bara ikasubiri hadi 1994. Kisha Kanda ya Ziwa ikapata ya kwake: Star TV, iliyorusha matangazo nchi nzima kutokea Mwanza, siyo Dar.

Sasa shida iko hapa: Ziwa Victoria halikupi skripti. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikitokea Bugolora, ikiwa imekaribia kisiwa cha Ukara. Usiku ule vifo vilivyotajwa vilikuwa arobaini na kitu. Hesabu ikapanda kila siku mpaka 228. Na siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo akatolewa akiwa hai ndani ya kivuko. Hilo nani angeliandika mapema?

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani pale Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19.

Fikiria mama yuko sebuleni, mwanaye alikuwa safarini. Namba ya saa mbili zilizopita, hata isomwe kwa sauti tamu vipi, inamuumiza. Na anayebuni ili tu asinyamaze anamuumiza zaidi. Wakati huo anatakiwa mtu anayejua Ukara iko wapi, anayejua amuulize nani, na mwenye ujasiri wa kusema, "Hili bado hatujalithibitisha."

Kwa hiyo tusimcheke mtu kwa sababu anasoma. Tumpime siku mitambo ikigoma: je, habari yenyewe anaijua? Wewe ni mtangazaji gani ungemwamini siku hiyo?