Perturbatio: msukosuko wa bahari, wa moyo na wa sayari

Usiku mmoja wa mwaka 55 KK, mwezi ukiwa mpevu, dhoruba na maji ya bamvua vilizikumba merikebu za jemadari wa Kirumi Julius Caesar katika pwani ya Britania. Zilizopandishwa ufukweni zilijaa maji. Zilizotia nanga zilipigwa hadi nyingine zikavunjika. Askari hawakuwa na vyombo vingine vya kuwarudisha Galia, wala akiba ya nafaka ya kuwavusha majira ya baridi. Taharuki iliyolishika jeshi zima Caesar aliiita, kwa Kilatini, perturbatio.

Shina la neno hilo ni turba: zogo, ghasia, umati usio na utaratibu. Kitenzi turbare ni kuvuruga au kutibua, na kiambishi per- kinaongeza nguvu: kuvuruga kabisa. Ndiyo maana neno liliweza kubeba fujo za watu na fadhaa ya moyo kwa pamoja.

Aliyelihamishia rasmi moyoni ni Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi. Februari 45 KK alifiwa na binti yake Tullia, akajitenga na watu na kuzama katika falsafa. Mwaka huohuo aliandika Tusculanae Disputationes, kazi yenye vitabu 5. Humo alihitaji neno la Kilatini la kile Wagiriki walichokiita pathos. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa “maradhi”. Cicero akaikataa na kuchagua perturbatio. Kwa kuwafuata Wastoa, wanafalsafa waliosifu moyo usiotikisika, alizigawa perturbationes katika makundi 4: huzuni, hofu, tamaa na furaha iliyopita kiasi. Zote, alieleza, huzaliwa na maamuzi mabaya ya akili, na mwenye hekima huziondoa.

Lakini je, mwenye hekima hatikisiki kweli? Katika karne ya 2 BK, Aulus Gellius alisimulia safari ya baharini kutoka Ugiriki kwenda Italia, ambamo mwanafalsafa wa Kistoa alisawijika uso dhoruba ilipopamba moto. Baadaye alijitetea kwamba mshtuko wa kwanza humpata kila mtu. Tofauti ni kwamba mwenye hekima haukubali. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alikirejelea kisa hicho katika De Civitate Dei, karne ya 5. Kwake, swali halikuwa kama mtu amekasirika au ameogopa, bali kwa nini.

Karne nyingi baadaye neno lilipanda hadi angani, na huko pia likakutana na swali la “kwa nini”. Newton, katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1687, alitumia kitenzi perturbare kueleza jinsi mvuto wa Jua unavyouvuruga mwendo wa Mwezi. Wanafalaki waliomfuata waliona Uranus, sayari iliyogunduliwa mwaka 1781, haishiki njia waliyoikokotoa. Urbain Le Verrier, mwanafalaki Mfaransa, hakuichukulia hitilafu hiyo kuwa dosari ya kufutwa. Alikokotoa ni wapi pangekuwa na sayari nyingine inayoivuta. Usiku wa Septemba 23, 1846, mwanafalaki Johann Galle alielekeza darubini mjini Berlin, akaikuta sayari hiyo, Neptune, chini ya digrii 1 kutoka mahali alipoelekezwa na Le Verrier.

Cicero alitaka perturbatio iondolewe ili utulivu urudi. Le Verrier angemtii, Neptune ingeendelea kujificha.