Bwawa la Jirani Haliulizwi Hodi

Sisi wa Likoni, Changamwe na Kisauni kilio chetu ni maji hayatoki mferejini. Kwa hivyo mtu akisema amechimba lambo lake shambani, twamuona mjanja. Hakuna anayeuliza ule ukuta wa udongo umejengwa vipi, wala nani analala chini yake.

Wenzetu walijifunza kwa msiba. Novemba 2, 1925, huko Wales, bwawa la kampuni moja ya alumini lilibomoka. Maji yakashukia bwawa la pili, la udongo, nalo likavunjika. Kijiji cha Dolgarrog kikasombwa na watu 16 wakafa. Mwaka 1930 Uingereza ikatunga sheria: bwawa kubwa, hata liwe la mtu binafsi, lazima likaguliwe na mhandisi.

Huko kifo kilileta sheria. Kwetu sheria ilitangulia.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziligawa mabwawa kwa daraja tatu. A ni hatari ndogo: kina hakifiki mita 5, na maji hayafiki mita za ujazo 100,000. B ni ya kati. C ni hatari kubwa: kina cha mita 15 kwenda juu, au maji yanayopita mita za ujazo 1,000,000. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Halafu ikaja usiku wa Mei 9, 2018. Mvua ya masika imeshiba, na huko Solai, Nakuru, Bwawa la Patel, la udongo, ndani ya shamba la mtu binafsi, likapasuka. Watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ikasema bwawa hilo halikuwa na leseni. Yaani kanuni zina miaka 11, na bwawa halijawahi kupita mlangoni kwao.

Ukuta wa udongo una njia zake za kufa. Maji yakipanda juu yake, yanaukata. Yakipenya ndani, yanabeba udongo kidogo kidogo mpaka ukuta unabaki na tundu. Mwenye bwawa asipokagua, wa kwanza kujua ni aliyelala bondeni.

Na hapa ndipo nabishana na zile daraja. Zilipima kina na ujazo, hazikuhesabu nyumba. Lambo dogo juu ya mahame ni dogo kweli. Lambo hilo hilo juu ya shule si dogo tena. Mijini tunapanuka: ukitoka Likoni uingie Kwale, ama Kisauni uingie Kilifi, plot zinauzwa kila siku mabondeni. Bwawa lililopewa A wakati pale ni msitu, nani atarudi kulipima upya watu wakishajenga?

Kabla hujalipia plot, panda juu uangalie kuna nini. Ukikuta maji yamesimama nyuma ya udongo, uliza leseni. Usione haya. Ni haki yako kujua kinachokaa juu ya kichwa cha mwanao.