Wavamizi wa 1978

Barazani pa duka moja la Bugarama, wilayani Ngara, nilipokuwa nikingoja gari la kwenda Biharamulo, nilimwona kijana amezama katika simu yake, akicheza mchezo ambao kwa umri wamtosha kuwa baba yake: safu 5 za viumbe, 11 kila safu, zikienda upande hata ukingoni, zikashuka hatua moja, zikarejea, ilhali yeye chini yake hana ila mzinga mmoja na ngome 4 zilizokwisha kumomonyoka. Nilipomwuliza awapiga akina nani, alijibu bila ya kuinua macho, "Wadudu hawa, mzee."

Si wadudu. Tomohiro Nishikado, aliyeutunga mchezo huo, Space Invaders, kwa kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, aliwachora kwa mfano wa pweza, ngisi na kaa, vitoweo ambavyo mtu wa Ngara aweza kumaliza umri wake asivione. Na sababu ya kuwachora hivyo ni kwamba kampuni ilikataa katakata mchezaji apewe binadamu wa kupiga risasi.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Mto Kagera, uleule upitao Rusumo wilayani Ngara, ulikuwa mpaka wa vita visivyo na staha kama hiyo, kwani majeshi ya Iddi Amin wa Uganda, ambaye watu walimwita nduli, yaliitwaa ardhi yetu ya kaskazini ya Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, wakati mkoa wenyewe ukingali ukiitwa Ziwa Magharibi.

Sanduku la mchezo ule halikuwa na njia ya kutufikia, maana serikali ilikwisha kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata 1994. Kwa hiyo sisi twaukuta leo mkongwe, nao ungali na hila yake ya asili: mashine ile ilielemewa na wingi wa maadui, hata kila aliyekufa akawapunguzia uzito waliosalia, wakaenda mbio zaidi. Nishikado aliiona kasoro hiyo, naye, kwa busara ninayoistahi, akaiacha.

Kijana alikuwa amebakiza mmoja, akikimbia kama aliyeshikwa na kiwewe. Akamkosa mara tatu. Utingo akaniita.